Walimu Walishinda Kesi, Mshahara Haukupanda: Kisa cha TSC, 2015

Jumanne, tarehe 30 Juni 2015, Jaji Nduma Nderi wa Mahakama ya Ajira na Leba jijini Nairobi aliwapa walimu wa shule za umma nchini Kenya nyongeza ya mshahara wa msingi ya kati ya asilimia 50 na 60. Wa ngazi ya chini kabisa wapate 60, wa juu kabisa wapate 50. Mwalimu wa cheti cha P1, yaani cheti cha kufundisha shule za msingi, anayeanza kazi alikuwa na mshahara wa msingi wa Sh16,692 kwa mwezi. Kwa hukumu hiyo angefika Sh26,707.

Ijumaa, tarehe 6 Novemba mwaka huohuo, Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu yote. Kati ya siku hizo mbili nchi ilipitia mgomo wa takriban wiki tano, shule zikafungwa kwa amri ya Wizara ya Elimu, Rais akahutubia taifa kwenye televisheni, na mshahara wa Septemba haukuingia kwenye akaunti za walimu.

Ukimuuliza aliyekuwa kwenye maandamano, atakwambia serikali ilikataa kulipa deni. Ukimuuliza aliyekuwa Hazina, atakwambia vyama vilidai pesa ambazo hazikuwepo. Nimeisoma kesi hii mara kadhaa na sioni kwamba iliamuliwa kwa hoja yoyote kati ya hizo mbili. Iliamuliwa kwa swali la nani ana mamlaka ya kupanga mshahara wa mtumishi wa umma: mwajiri wake (kwa walimu ni Tume ya Huduma za Walimu, TSC), mahakama, au tume nyingine ambayo haimwajiri mwalimu hata mmoja. Swali hilo halikuwa kwenye mabango ya mgomo, na ndilo lililowaponza walimu.

Deni la 1997

Hasira ya 2015 haikuanza 2015. Oktoba 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, chini ya katibu mkuu Ambrose Adongo, kiliitisha mgomo uliofunga shule kote nchini. Serikali ya Rais Moi, iliyokuwa ikitafuta kura, ilikubali nyongeza kubwa iliyofika hadi asilimia 200 kwa baadhi ya ngazi, ilipwe kwa awamu tano. Makubaliano yakachapishwa katika Gazeti rasmi la Serikali kama Tangazo la Kisheria nambari 534 la 1997. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita, serikali ikasema haina pesa, na mgomo wa 1998 wa kudai awamu ya pili ukavunjwa bila walimu kupata kitu.

Kisheria, tukio lile ni tofauti kabisa na la 2015, na kuyachanganya mawili haya kumepoteza wengi. Mwaka 1997 kulikuwa na makubaliano yaliyotiwa saini na kuchapishwa, yenye viwango na ratiba. Mwajiri asipolipa hapo, anadaiwa deni kama deni lingine lolote, na kazi ya mahakama ni kusoma karatasi na kuhesabu. Ndiyo maana walimu waliostaafu baada ya 1997, ambao pensheni zao zilikokotolewa kwa mishahara ya zamani, walikwenda Mahakama Kuu ya Nakuru na mwaka 2008 wakashinda. Walikuwa na karatasi. Kwamba waliendelea kusubiri malipo miaka mingi baada ya kushinda ni jambo lingine, na tutaligusa.

Mwaka 2015 hapakuwa na karatasi ya namna hiyo. Kulikuwa na madai, mazungumzo yaliyovunjika, na hisia ya haki kwamba mshahara wa mwalimu ulikuwa umeachwa nyuma kwa miaka kumi na minane. Hisia hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mahakamani, nyongeza unayoidai na nyongeza uliyokwisha kuahidiwa hupita milango miwili tofauti.

Kwa nini walishikilia mshahara wa msingi

Watu wengi nje ya ualimu hawakuelewa kwa nini vyama, yaani KNUT pamoja na KUPPET inayowakilisha walimu wa sekondari na vyuo, havikutaka kutulizwa kwa marupurupu. Nyumba, usafiri, mazingira magumu: si pesa zote ni pesa?

Siyo. Pensheni ya mtumishi wa umma wa Kenya, kwa mfumo wa zamani uliowahusu walimu hawa, hukokotolewa kwa kuchukua mshahara wa mwisho wa msingi, kuuzidisha kwa miezi ya utumishi, na kugawanya kwa 480. Mwalimu aliyefundisha miaka 30 ana miezi 360, kwa hiyo pensheni yake kamili ni robo tatu ya mshahara huo wa msingi. Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayamo kwenye hesabu. Mwalimu aliyebakisha miaka mitatu kustaafu, ukimwongezea Sh5,000 kama marupurupu, umempa Sh5,000 kwa miezi 36. Ukimwongezea kiasi hicho kwenye mshahara wa msingi, umembadilishia uzee wake wote. Hazina nayo ilijua hesabu hiyo vizuri, na ndiyo sababu ilikuwa tayari kuzungumzia marupurupu kuliko msingi.

Kesi ya kuzuia mgomo yageuka kesi ya mshahara

Shule zilipofunguliwa Jumatatu, tarehe 5 Januari 2015, walimu hawakuingia darasani. Aliyekimbilia mahakamani alikuwa mwajiri: Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliwasilisha ombi la kutaka mgomo uzuiwe, ikidai unakiuka Katiba na sheria. Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ikaingizwa kwenye kesi. Jaji Nderi aliwataka walimu warudi kazini huku pande zote zikijaribu kupatana chini ya usimamizi wa mahakama. Mgomo ukasimama. Upatanisho haukuzaa matunda, na jambo likarudi mezani kwa jaji.

Msomaji ashike hapa, maana hapa ndipo kesi ilipopindia. Ombi lililokuwa mbele ya jaji lilikuwa la TSC na lilihusu mgomo. Vyama havikuwa vimefungua kesi yao ya kudai kiwango fulani cha mshahara kwa njia ambayo Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 imeiweka, nayo ni ndefu: mgogoro uripotiwe kwa Waziri wa Leba, Waziri ateue msuluhishi, msuluhishi ajaribu kwa siku 30, akishindwa athibitishe hivyo kwa maandishi, kisha ndipo upande wowote uende mahakamani. Badala yake, njia ya mkato ilipatikana ndani ya kesi ya mwajiri mwenyewe. Jaji aliona watu wameshindwa kukubaliana, watoto wako hatarini kukosa masomo tena, na akaamua kuumaliza mgogoro kwa kupanga mshahara yeye mwenyewe, kwa kipindi cha miaka minne kuanzia 1 Julai 2013 hadi 30 Juni 2017.

Vyama vilishangilia, na ni nani angeshindwa kushangilia. Lakini wakili makini wa upande wa walimu angepaswa siku hiyohiyo kujiuliza: hukumu hii imesimama juu ya nini? Kiwango kilikuwa cha kutetewa. Ukigawanya asilimia 50 hadi 60 kwa miaka minne, unapata kati ya 12.5 na 15 kwa mwaka, tena miwili kati ya miaka hiyo ikiwa imekwisha kupita siku ya hukumu. Kichwa cha habari cha “asilimia 60” kiliwatisha walipa kodi kuliko hesabu yenyewe. Kilichokuwa legelege ni msingi wa mamlaka. Jaji aliketi kwenye kiti cha mpatanishi, akafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa kwenye meza ya mazungumzo, katika kesi ambayo haikuletwa kwa kazi hiyo.

Juni 30 na Julai 1

Kuna jambo dogo la kalenda ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Mwaka wa fedha wa Kenya huisha tarehe 30 Juni. Hukumu ilisomwa siku ya mwisho ya mwaka wa fedha, bajeti ya 2015/16 ikiwa imeshasomwa Bungeni wiki kadhaa kabla, bila nyongeza hiyo ndani yake.

Serikali iliutumia ukweli huu kama ukuta. Pesa haziwezi kutoka kwenye Hazina Kuu bila idhini ya Bunge, na Bunge halikuziidhinisha, basi hatuwezi. Nusu ya hoja hiyo ni sahihi. Nusu nyingine imefichwa. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu Serikali ya Kitaifa kutumia pesa ambazo hazikuidhinishwa, pale ambapo kiasi kilichotengwa hakitoshi au hitaji jipya limejitokeza, mradi iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza zitoke, na isizidi asilimia 10 ya kilichoidhinishwa mwaka huo. Ndicho kifungu kinachotumika kila mwaka kwa ukame, usalama na mengineyo yasiyotarajiwa. Kwa hiyo mtu aliyesema “hakuna pesa kwenye bajeti” alikuwa akieleza uamuzi, akauvika nguo za sheria. Ungeweza kuwa uamuzi wa busara kiuchumi. Ila ulikuwa uamuzi.

Amri ya kulipa wakati rufaa ikisubiriwa

TSC ilikata rufaa na kuomba utekelezaji usimamishwe. Julai, Mahakama ya Rufaa ilitoa zuio lenye sharti: malimbikizo ya nyuma yasubiri, lakini kuanzia 1 Agosti 2015 walimu walipwe mshahara ulioongezwa hadi rufaa isikizwe. TSC ikaenda Mahakama ya Juu kulipinga sharti hilo, na Agosti Mahakama ya Juu ikakataa kuingilia.

Ukisimama hapo mwishoni mwa Agosti, hali ya kisheria haina utata. Mahakama tatu zimepitia suala hili, na amri iliyopo ni kwamba mshahara mpya ulipwe kuanzia Agosti. Mshahara wa Agosti ukaingia, na ulikuwa uleule wa zamani.

Hapa lawama yangu iko kwa serikali bila kupepesa macho. Unaweza kuamini kwa moyo wote kwamba hukumu ya Nderi ilikuwa na makosa, na kwa kweli ilikuwa nayo, na bado ukawajibika kutii sharti la zuio uliloliomba mwenyewe. Anayeomba zuio hupewa kwa masharti; akikataa sharti, zuio nalo halina mguu wa kusimamia. Raia wa kawaida angefanya hivyo, angeitwa aeleze kwa nini asifungwe kwa kudharau mahakama.

Ila mwajiri wa umma si raia wa kawaida, na sheria yenyewe imemtengea kinga. Katika madai ya pesa dhidi ya Serikali, kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali kinamzuia aliyeshinda kukamata mali ya Serikali. Huwezi kumtuma dalali wa mahakama abebe viti vya wizara. Unachukua cheti cha amri ya mahakama, unakipeleka kwa afisa mhasibu, unasubiri. Asipolipa, unarudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha. Akipuuza hiyo, ndipo unaanza kesi ya kumtaka afisa huyo aadhibiwe yeye binafsi. Kila hatua ina mawakili wake, tarehe zake na maahirisho yake. Wastaafu wa kesi ya Nakuru wanaijua barabara hiyo kuliko mwanasheria yeyote. Wengine walifia njiani.

Vyama havikuwa na subira ya barabara hiyo. Vikachagua mgomo.

Septemba

Mwanzoni mwa Septemba, muhula wa tatu ulianza bila walimu. Ulikuwa muhula wa mitihani ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi (KCPE) na sekondari (KCSE). Zaidi ya walimu 280,000 walikuwa kwenye orodha ya TSC, na katibu mkuu wa KNUT Wilson Sossion na mwenzake wa KUPPET Akello Misori walikuwa kwenye taarifa ya habari kila jioni. Wizara ya Elimu iliamuru shule zifungwe kuanzia tarehe 21 Septemba, isipokuwa kwa watahiniwa. Jumapili, siku moja kabla, Rais Uhuru Kenyatta alihutubia taifa na kusema nyongeza hiyo haiwezekani, kwamba gharama ya mishahara ya umma imekwisha kula sehemu kubwa mno ya mapato ya nchi, na kwamba kuwalipa walimu kungefungua milango kwa watumishi wengine wote.

Hoja ya mwisho ndiyo ya kweli zaidi katika hotuba ile, na ndiyo iliyokuwa ikisemwa kwa sauti ya chini na SRC, chini ya mwenyekiti wake Sarah Serem. Tume hiyo ilikuwa katika zoezi la kupima uzito wa kila kazi katika utumishi wa umma ili mishahara ipangwe kwa mizani moja. Kwa macho yao, kumwongeza mwalimu asilimia 60 kabla zoezi kuisha ni kuiharibu mizani kabla haijatumika. Hoja ina mantiki. Udhaifu wake ni kwamba mizani ile ilikuwa inakuja kila mwaka bila kufika, huku mwalimu wa P1 akisubiri kwa Sh16,692.

Kisha TSC ikazuia mshahara wa Septemba. Hapa tunagusa dai la mshahara usiolipwa katika sura yake ya kawaida kabisa, na sheria yake ni kavu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku moja kwa kila siku nzima ambayo mfanyakazi hakufika kazini bila ruhusa au sababu halali. Sheria ya Mahusiano ya Leba nayo haimlazimishi mwajiri kulipa kazi ambayo haikufanywa wakati wa mgomo, hata ule unaolindwa na sheria. Walimu wengi waliamini kwamba kwa kuwa walikuwa wakidai amri ya mahakama itiiwe, siku za mgomo lazima zilipwe. Hiyo ni haki ya moyoni. Uhalali wa mgomo humlinda mfanyakazi asifukuzwe. Mshahara wa siku za mgomo ni jambo la kujadiliwa kwenye makubaliano ya kurudi kazini, na kiongozi wa chama anayewaita watu barabarani anapaswa kuwaambia hivyo mapema, kabla ya mwenye nyumba kubisha hodi tarehe tano.

Lakini kukata mshahara kuna mipaka yake pia. Kifungu hicho kinazungumzia siku nzima ambayo mfanyakazi hakuwepo, mmoja mmoja. Mwalimu aliyekuwa likizo ya uzazi, aliyelazwa hospitalini, au ambaye hakuwa mwanachama na alifika shuleni kusaini daftari kila asubuhi, hakuwa kwenye mgomo. Anayezuiliwa mshahara bila kutenganishwa na wengine ana dai safi la mshahara, lenye ushahidi wa daftari la mahudhurio na barua ya mkuu wa shule, na muda wa miaka mitatu wa kulifikisha mahakamani chini ya Sheria ya Ajira. Madai ya namna hiyo hayavutii kamera. Ndiyo, hata hivyo, ambayo mfanyakazi mmoja anaweza kuyashinda dhidi ya mwajiri wa umma bila kusubiri mtu yeyote abadilishe Katiba.

Ijumaa, tarehe 25 Septemba, Jaji Nelson Abuodha aliamuru mgomo usitishwe kwa siku 90 na mazungumzo yaanze upya. Mwanzoni vyama havikuitikia. Mwanzoni mwa Oktoba walimu walirudi darasani, mifuko mitupu, rufaa ikiwa bado inasubiriwa.

Neno moja katika Kifungu cha 230

Mahakama ya Rufaa ilipotoa uamuzi wake Novemba, ilimpiga Jaji Nderi kwa makosa mawili. La kwanza nimelieleza: hakuwa na mamlaka ya kuamua mgogoro wa kiuchumi ambao haukuletwa kwake kwa njia ya sheria. Sina ugomvi nalo. Njia ile ndefu ya Waziri na msuluhishi ipo kwa sababu, na jaji hawezi kuiruka kwa kuwa anawaonea watoto huruma.

La pili ndilo lililobadilisha maisha ya kila mtumishi wa umma wa Kenya, na walimu wengi hawakulisoma. Kifungu cha 230(4) cha Katiba kinaipa SRC kazi mbili. Kwa maafisa wa Taifa, yaani Rais, mawaziri, wabunge, majaji na wenzao, tume *itapanga* na kupitia mishahara. Kwa watumishi wengine wote wa umma, tume *itaishauri* serikali ya kitaifa na zile za kaunti. Vyama vilijenga hoja yao juu ya tofauti hiyo: ushauri ni ushauri, mwajiri anaweza kuusikiliza na kuuacha. Mahakama ya Rufaa ilikataa. Ushauri wa SRC, ilisema, unafunga. TSC haiwezi kukubali mshahara, wala mahakama haiwezi kuupanga, bila ushauri huo kuombwa na kufuatwa.

Msomaji atauliza: kama vyote viwili vinafunga, waandishi wa Katiba walitumia maneno mawili kwa nini? Ni swali zuri, na kwa muda mrefu niliamini linatosha kuwapa vyama ushindi. Jibu liko mbali kidogo na hapo, kwenye Kifungu cha 259(11), ambacho kinasema mamlaka yanayotekelezwa kwa ushauri au mapendekezo ya mtu mwingine hutekelezwa tu kwa ushauri au mapendekezo hayo, isipokuwa pale Katiba inaposema vinginevyo. Ukivisoma pamoja, usomaji wa Mahakama ya Rufaa una mashiko kwenye maandishi. Bado naona umeenda mbali kuliko ulivyolazimika. Kifungu cha 237 kinaipa TSC kazi ya kuajiri walimu, na Kifungu cha 41 kinakipa kila chama cha wafanyakazi haki ya kujadiliana kwa pamoja na mwajiri. Mazungumzo ambayo upande mmoja unakuja mezani ukiwa na bahasha iliyofungwa kutoka kwa mtu asiyeketi mezani ni mazungumzo ya namna gani? Mahakama ingeweza kusema ushauri lazima uombwe na uzingatiwe, na anayeuacha aeleze sababu zake, bila kusema unafunga. Hapo haki ya Kifungu cha 41 ingebaki na nyama.

Lakini uamuzi ulitoka hivyo, na tangu siku ile mkakati wa vyama ulipaswa kubadilika. Adui wa mazungumzo, au mshirika wake, hakuwa tena afisa wa TSC aliye upande wa pili wa meza. Alikuwa SRC, na mahali pa kumfikia ni kabla mazungumzo hayajaanza: kwa takwimu za mishahara, kwa kulinganisha kazi na kazi, kwa kushiriki zoezi lilelile la upimaji ambalo vyama vilikuwa vikilidharau.

Mkataba wa 2016, na ushindi mwingine

Oktoba 2016, TSC ilitia saini mkataba wa makubaliano ya pamoja na vyama vyote viwili. Nyongeza ya takriban Sh54 bilioni, ilipwe kwa awamu kati ya Julai 2017 na Juni 2021, kwa viwango vilivyotokana na upimaji wa kazi wa SRC. Tofauti na 2015 ni kwamba safari hii SRC ilikuwa imeshasema ndiyo kabla ya wino kukauka. Awamu zikaanza kulipwa.

Mkataba huo ulifungwa kwenye mwongozo mpya wa kupandisha vyeo, ambao nao ulitokana na upimaji huohuo. KNUT haikuupenda mwongozo, ikaenda mahakamani, na tarehe 12 Julai 2019 Jaji Byram Ongaya akaipa ushindi: wanachama wa KNUT wabaki chini ya miongozo ya zamani ya utumishi.

TSC ilitii. Ilitii kiasi kwamba, awamu ya tatu ya nyongeza ilipofika mwaka huohuo, iliwaondoa wanachama wa KNUT kwenye orodha ya wanaoongezwa, ikisema viwango vipya ni vya walio chini ya mwongozo mpya, na wao mahakama imewatoa humo. Walimu wawili wa ngazi moja, darasa moja, shule moja, wakawa na hati tofauti za mshahara kwa sababu mmoja alikuwa KNUT na mwenzake hakuwa. Wakaanza kujiondoa kwa maelfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 mwanzoni mwa 2019 kilibaki na sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, na pamoja na wanachama yakaenda makato ya kila mwezi yaliyokuwa yakiendesha ofisi zake. Sossion alijiuzulu Juni 2021.

Mwezi uliofuata, chini ya katibu mkuu mpya Collins Oyuu, KNUT iliketi na vyama vingine kutia saini mkataba wa 2021 hadi 2025. SRC ilikuwa imesimamisha mapitio yote ya mishahara ya umma kwa miaka miwili. Ushauri unafunga. Mkataba ukatiwa saini bila nyongeza hata ya shilingi moja kwenye mshahara wa msingi, na mazungumzo ya pesa yakaahirishwa mpaka tume itakapoyaruhusu.